Sindano ya goti, ya bega na ile "ya kunenepa": maswali yenu ya mwezi huu

Assalaam alaykum wasomaji wangu wa Unguja na Pemba na nyote mlio ng'ambo ya maji. Mwezi huu nimefungua maswali yenu nikakuta karibu yote yanazunguka kitu kimoja, na wenyewe mlioandika hamjui kama mnauliza kitu kimoja, mana mmoja kapigwa sindano ya goti, mwengine ya kisigino, mwengine kaikataa ya pumu, na mwengine yumo kwenye sindano za kunenepa kabla ya harusi. Dawa hizo zote ukoo mmoja, kotikosteroidi, wengi wanafupisha steroidi tu. Sio zile za wanyanyua vyuma. Hizi ni ndugu wa kotisoli, homoni ambayo mwili unaitengeneza wenyewe kwenye vitezi viwili vilivyokaa juu ya figo, na sisi tukiitumia kama dawa tunaitaka ishushe uvimbe na iutulize mwili unapojipiga wenyewe. Mgonjwa wa mwanzo wa baridi yabisi alidungwa 1948 huko Marekani, na 1950 waliohusika wakapewa tuzo ya Nobel, kwa hio si dawa ya jana.

Kinachoniuma ni kuwa kati ya wote mlioandika ni mmoja tu alienitajia jina la sindano aliyopigwa mwenyewe, na hata yeye jina lenyewe limemchanganya. Twende.

"Dokta, mie mama wa miaka 58, nipo Jambiani, nalima mwani. Goti la kulia limesagika, mwezi wa pili nilipigwa sindano hospitali mjini. Usiku wake liliuma mpaka nikalia, baadae likapoa kabisa. Lakini sukari yangu ya siku zote 7 au 8 ikapanda mpaka 16. Sasa goti linaanza tena na jirani ananambia kuna mtu anapita majumbani anapiga kila mwezi. Nipige?"

Pole sana mamaangu. Mie ni mfamasia si daktari, lakini hapa ntakueleza vizuri. Goti lililosagika mara nyingi hupigwa triamsinoloni, kama ile ya Kenalog, au methilpredinisoloni. Kichupa chake kidogo, ukikiacha kimesimama dawa inatuama chini kama unga na juu panabaki maji, ukikitikisa inarudi nyeupe kama tui la pili. Weupe ule ni chembechembe ndogo ndogo ambazo haziyayuki upesi, zinakaa mle ndani ya goti zinaachia dawa kidogo kidogo, ndio mana nafuu yake hukaa wiki kadhaa mpaka miezi, na ndio mana dawa ya aina hio haipigwi kwenye mshipa wa damu hata siku moja.

Maumivu ya ule usiku yanajulikana. Chembechembe zenyewe huliudhi goti siku moja mbili kabla dawa haijashika. Barafu ilofungwa kitambaa dakika kumi na tano, panadoli, na siku mbili usiende pwani. Ila pana mpaka wake: goti likiwa la moto, likavimba, ukaingia homa, au siku ya tatu maumivu yanazidi badala ya kushuka, hapo huenda usaha umeingia kiungoni. Ni nadra, lakini ni dharura ya siku ile ile, si ya kukandwa wala kungoja kliniki ya Jumatatu.

Na sukari, mamaangu, si wali uliokula, usijilaumu. Sehemu ya dawa hupenya kwenye damu, ini likatoa sukari zaidi na insulini ikashindwa kufanya kazi yake sawa sawa. Hupanda siku ile au ya pili yake na kwa wengi hurudi ndani ya wiki moja hivi. Mwenye sukari aseme kabla hajapigwa, kisha wiki ile apime mara mbili tatu kwa siku, ikipita 15 ikakaa hapo hapo, au una kiu isiyokwisha na mkojo kila saa, au unatapika, nenda hospitali. Usijiongezee vidonge kwa kichwa chako.

Kupiga tena inawezekana, lakini kiungo kimoja kinatakiwa kipishanishwe miezi mitatu au zaidi, na mara tatu nne kwa mwaka ndio mwisho kabisa. Mie binafsi naona hata hizo nyingi. Kuna utafiti ulitoka Marekani 2017, watu 140 wenye magoti yaliosagika, nusu walipigwa triamsinoloni miligramu 40 kila wiki 12 kwa miaka miwili, na nusu nyengine wakapigwa maji ya chumvi tu, na mwisho wa miaka miwili maumivu yao hayakupishana lakini waliopigwa dawa gegedu la goti, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, lilikuwa limelika zaidi kuliko wenzao. Kwa hio inafaa kukutoa kwenye maumivu makali ili uweze kufanya mazoezi, haifai kuwa mshahara wa kila mwezi.

Huyo wa majumbani asikuguse. Hujui anapiga nini, hujui kichupa kimefunguliwa lini na kimeshaingizwa sindano ngapi, na ndani ya goti kijidudu kikiingia kinakaa pazuri sana. Rudi kwa aliekupiga mwanzo, muombe akuandikie jina la dawa, miligramu na tarehe, na umuulize habari ya mazoezi ya paja: unakaa kwenye kiti, unanyoosha mguu, unaukaza ukihesabu mpaka kumi, unashusha, mara kumi asubuhi kabla hujashuka na maji. Na magunia ya mwani mbichi waachie vijana wabebe.

"Habari dada, nina miaka 34, Fuoni. Kisigino kilikuwa hakikanyagi chini asubuhi, nikapigwa sindano, karatasini pameandikwa Depo-Medrol 40. Mie nikajua ndio Depo ile ya uzazi, nikaacha vidonge vyangu vya majira. Sasa hedhi imevurugika, nifanyeje?"

Shoga, kwanza ahsante kwa kuichukua ile karatasi, wewe ndie yule mmoja niliyemsema juu. Hizo Depo ni mbili na hazina udugu wa kazi. Depo-Provera ndio ya uzazi wa mpango, miligramu 150 kila miezi mitatu. Depo-Medrol ni methilpredinisoloni, steroidi ya uvimbe, haizuii mimba hata kidogo. Neno Depo lenyewe linamaanisha tu kuwa dawa inawekwa akiba mwilini na kutoka polepole, basi.

Kwa hio leo kapime mimba. Kama huna, rudi kwenye vidonge kwa kufuata maelekezo ya kliniki na siku za mwanzo mtumie kinga nyengine. Hedhi kuvurugika mwezi mmoja au miwili baada ya sindano hizi hutokea, uso kuwa mwekundu na wa moto siku mbili tatu pia hutokea, vyote vinapita. Aliekwisha kukatika hedhi akaona damu baada ya sindano yeye asiseme ni sindano tu, akapimwe. Na siku nyengine ukiulizwa umepigwa nini, sema jina zima, mana ukisema "Depo" tu hata nesi atakuelewa vyengine.

"Mimi nachuma karafuu, Wete. Bega la kulia limeganda, siwezi hata kuvaa shati, daktari anataka kulipiga sindano. Rafiki yangu kaniambia nikatae, inaozesha mishipa. Ni kweli?"

Kaka, rafiki yako ana ukweli nusu. Ikipigwa ndani ya kano lenyewe, zile kamba zinazoshika msuli kwenye mfupa, au ikirudiwa rudiwa hapo hapo, kano linadhoofika na linaweza kukatika, na ndio mana kano la nyuma ya kisigino wataalamu wanaliogopa kulipiga. Lakini bega lililoganda dawa inawekwa ndani ya kiungo, na likiwahiwa mapema linafaidika kweli, maumivu yakipungua ndio unaweza kulifanyisha mazoezi. Ila ukipata nafuu usikimbilie mkarafuu. Nafuu inakuja kabla ya uzima, na wewe ukiwa juu ya tawi jembamba unanyoosha mkono kuvuta tawi la pili ndio pale bega linapotaka nguvu zake zote. Zungumza na daktari akupe wiki za kupumzika kwa idadi, usikadirie.

Siku ya kupigwa tazama kwa macho yako: mikono inaoshwa, ngozi inasafishwa, kichupa kinafunguliwa mbele yako. Si utovu wa adabu kuuliza. Mwaka 2012 kule Marekani methilpredinisoloni ilotengenezwa kwenye mazingira machafu ilipelekwa vituo vingi, watu wakapigwa mgongoni na viungoni, zaidi ya 750 wakaugua kwa ukungu ulioingia kwenye dawa na zaidi ya 60 wakafariki. Nchi yenye maabara za kila aina. Na usikubali kupigwa kama una homa, au kidonda au jipu karibu na bega, na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema.

Jengine ambalo watu hawaambiwi: pale ilipoingia sindano ngozi inaweza kufanya doa jeupe na shimo dogo, kwetu sisi weusi linaonekana mbali. Mara nyingi hurudi baada ya miezi, na kwa wengine halirudi lote.

"Binti yangu alitoga sikio, limeota kovu kubwa kama korosho. Kuna sindano?"

Ipo, triamsinoloni hio hio, inapigwa ndani ya kovu lenyewe kila wiki nne mpaka sita, raundi kadhaa, na inauma, mwambie mapema asishtuke. Kovu hulainika na kushuka. Msikubali likatwe tu bila ya tiba nyengine, hurudi, na mara nyengine hurudi kubwa zaidi. Na asitoge tena.

"Dada mfamasia naomba unifiche jina. Miaka 23, harusi yangu baada ya Idi. Mie mwembamba na upande wa pili washaanza maneno. Shoga yangu kanipeleka kwa mama mmoja ananipiga sindano ya kunenepa, dawa kama maji, kichupa cha kioo cha kuvunja shingo. Wiki ya tano sasa, kila siku, na vidonge juu. Uso umejaa, kila mtu ananisifu. Lakini silali, chunusi mgongo mzima, mapajani na tumboni mistari. Naogopa, nataka niache leo."

Mwanangu, usiache leo peke yako, na usiendelee nayo pia. Najua maneno hayo yanapingana, ndio mana nakuomba kesho asubuhi uwe hospitali, na uende na vichupa vitupu na hivyo vidonge kwenye mkoba.

Kwa ulivyoeleza nadhani unapigwa deksamethazoni, "deksa". Ampuli yake huwa na miligramu 4 kwa mililita moja na inaonekana maji tu, lakini nguvu yake hebu itazame: miligramu 0.75 za deksa ni sawa na miligramu 5 za predinisoloni, steroidi ya vidonge, kwa hio ampuli moja ni kama miligramu 27 za predinisoloni kwa siku, na mwili wako wenyewe unatengeneza kiasi cha kama 5 tu. Vile vitezi vya juu ya figo vikiona dawa imejaa namna hio vinalala, havifanyi kazi tena. Ukipita wiki tatu vikalala, ukaacha ghafla, mwili unabaki hauna ya nje wala ya ndani.

Nimeliona hili kwa macho yangu kwa mtoto wa ami yangu. Alikuwa akipigwa kama wewe, akaacha siku chache kabla ya harusi kwa sababu yule fundi wake alisafiri. Usiku wa hina akaanza kutapika, wakasema ni wasiwasi, wakampa ndimu, asubuhi hawezi kukaa, anaongea maneno hayaungani, presha iko chini kabisa. Hospitali nesi akawa anamtafuta mshipa kwenye mkono uliochorwa mpaka viwikoni, hina bado haijakolea, anapapasa na kidole katikati ya maua. Nje jamaa wanazungumza habari ya husda, wengine washampigia sheikh aje amsomee, na hakuna katika sisi alokuwa anajua kuna sindano mpaka shoga yake alipokuja akasema kwa kilio. Akapewa haidrokotisoni ya mshipa, steroidi ya kufidia ile ambayo mwili umeacha kuitengeneza, na dripu ya chumvi, jioni yake akatutambua. Laiti yule shoga angechelewa masaa.

Kwa hio dalili hizi uzishike: kulegea kusiko kawaida, kutapika, tumbo kuuma, kizunguzungu ukisimama, jasho la baridi. Ukizipata usingoje kesho, nenda sasa hivi na useme "nilikuwa napigwa steroidi". Sema hata kama mama mkwe yupo pembeni. Daktari atakupa kidonge na akushushe pole pole mpaka vitezi viamke, na hata ukishamaliza, kwa miezi mpaka mwaka ukiugua sana au ukipasuliwa, waambie.

Na huko kunenepa kwenyewe si kunenepa. Mafuta yanahamia usoni, shingoni na tumboni, mwili unazuia maji, huku misuli ya mikono na mapaja inakonda, na mifupa inapoteza nguvu kimya kimya. Hio mistari ni ngozi imekuwa nyembamba mpaka inapasuka kwa ndani, itafifia, haitafutika. Juu yake sukari na presha hupanda, macho hufanya mtoto wa jicho, na kinga hushuka hadi kifua kikuu kilicholala kinaamka. Hata minyoo: kuna mmoja unaingia kwa nyayo ukitembea peku, unaitwa strongiloidi, unaweza kukaa mwilini miaka mtu hana habari, steroidi nyingi zikiingia unazaana na kusambaa mpaka mapafuni na unaua. Visiwani kwetu upo, kwa hio muulize daktari kama upimwe au upewe dawa yake.

Ukishatulia, kama unataka kuongeza mwili kweli pimwa kwanza kwa nini huongezeki, tezi ya shingo, sukari, damu, kisha kula mara tano kidogo kidogo, mayai, maharage ya nazi, samaki, njugu, maziwa. Haitawahi Idi. Najua. Lakini anaekuoa kakuona ulivyo na ndio akaleta posa.

Na wewe shoga mtu uliempeleka, kama unasoma, mshike mkono umpeleke hospitali kama ulivyomshika kumpeleka kule. Vichupa vikiwa na jina, taarifa ipelekwe Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, wapo wengine bado wanapigwa.

"Mke wangu mjamzito wa wiki 30, alilazwa hapa Chake Chake, uchungu ulitaka kuanza. Akapigwa deksamethazoni mara nne. Nimesoma kwenye simu kuwa dawa hio ni mbaya, wamemfanyia nini mke wangu?"

Wamemfanyia mtoto wenu jambo zuri sana, kaka. Tulia. Ni dawa ile ile ya mwanangu hapo juu, tafauti ni kwa nini, kiasi gani na siku ngapi. Mtoto akizaliwa kabla ya wakati mapafu yake huwa bado hayana ile utando ya kuyazuia yasigandane anapopumua, na steroidi ikipita kwa mama inamharakishia. Ilionekana mara ya mwanzo New Zealand, 1972, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza kati ya wiki 24 na 34 pale mama anapotazamiwa kujifungua karibuni: deksamethazoni miligramu 6 ya msuli kila baada ya masaa 12, mara nne. Ndio hizo nne ulizohesabu. Siku mbili tu, vitezi havilali, halafu inasita. Kama mkeo ana sukari waambie waipime, na chochote cha mama kama homa au maji kuvunjika kisemwe. Mengine muachie akae kitandani apumzike.

"Mzee wa miaka 66, Makunduchi, nina pumu. Ramadhani ilopita nilibanwa mchana nikakataa sindano kwa ajili ya saumu yangu. Nimekosea?"

Shikamoo mzee wangu. Ya dini muulize sheikh wako, mie ntakwambia ninalolijua tu: Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa Jeddah mwaka 1997 na kusema sindano za matibabu, za ngozi, za msuli au za mshipa, hazifunguzi madhali si za lishe. Haidrokotisoni ya pumu ni ya matibabu. Mshipa huwa ndio njia yake ukiwa umebanwa huwezi kumeza, na hata hivyo huchukua masaa kufanya kazi, ndio mana inatakiwa mapema pamoja na ile ya kuvuta. Ukiandikiwa predinisoloni ya siku tano, meza baada ya daku, na chakula tumboni. Na kama uko kwenye predinisoloni ya muda mrefu usiiache kwa sababu ya mwezi, nenda kwa daktari Shaaban mpange masaa.

Ukibanwa saa tisa mchana mwite mjukuu akupeleke, usingoje adhana ya magharibi.